Mbwa Mnene Ana Mikono Mingi

Leo nazungumzia mbwa. Najua kuna mzee mahali ameshaguna: Kibera hii yenye shida ya maji na ya karo, mtangazaji ameishiwa maneno mpaka atuletee mbwa? Nivumilie, mzee wangu. Ninayemtaka leo ni mbwa mnene, yule aliyelishwa mpaka damu yake, ini lake na kongosho lake vikaanza kwenda mwendo mwingine. Mbwa huyo kwa kawaida haishi hapa Gatwekera, Kibera. Lakini anayemlisha, mara nyingi, anaishi hapa.

Mbwa wetu wa hapa tunamjua. Analala kando ya reli, anaamkia jalalani, anabahatika kichwa cha samaki kwa mama anayeuza mgongo wazi, anaramba sufuria ya ugali, kisha anazunguka mtaa mzima hadi jioni. Usiku ndio zamu yake, kubweka mwizi akipita. Shida zake ni minyoo, viroboto, na zaidi ya yote kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao Kenya imejiwekea mpango wa kuumaliza kwa binadamu kufikia mwaka 2030, kwa kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Unene haumhusu. Ukimwona mbwa wa Gatwekera ana tumbo kubwa na mbavu zinahesabika, hajanenepa huyo. Ana minyoo, au ana mimba.

Sasa wafuate watu wetu alfajiri. Wanapanda kutoka Gatwekera, wanapitia Olympic, wanatawanyika kuelekea Kilimani, Woodley, Lang'ata na Karen. Wenzetu wa Kawangware wanavuka tu barabara, wako Lavington. Ni wapishi, wafua nguo, watunza bustani, mayaya, na masoja wa getini. Walipoajiriwa waliambiwa watapika, watafagia, watalinda. Mbwa hakutajwa. Lakini siku ya kwanza ukiingia langoni, ni nani anakuja kukunusa? Na kuanzia siku hiyo, bila mkataba wala nyongeza ya mshahara, mbwa ni wako.

Tumchukue mmoja wa mfano. Tumwite Bosco, Labrador, amehasiwa, anaishi kwenye nyumba yenye ua mkubwa Kilimani. Alipaswa kuwa na kilo 30. Sasa ana 38. Mbwa wa kilo 30 anayeshinda ndani ya ua anatosheka na kalori 1,200 hivi kwa siku. Mdosi wake anampimia chakula cha dukani asubuhi na jioni, na ukikihesabu kinafika hapo hapo kwenye 1,200. Kwa hiyo mdosi akiapa kwamba hamzidishii, haongopi.

Lakini saa moja na nusu asubuhi, mtoto wa nyumba anakimbilia basi la shule, kipande cha mkate na siagi kinaanguka chini ya meza. Saa nne soja anakunywa chai getini, anamkatia Bosco nusu ya andazi ili abaki naye pale. Saa saba dada wa jikoni anasonga chapati. Bosco amekaa mlangoni anamtazama kwa macho yale mnayoyajua, anarushiwa moja. Jioni bibi aliyekuja kutembea kutoka mashambani anampa ngozi ya kuku. Usiku mdosi anarudi amechoka, anakumbuka kwamba wiki nzima hajamtembeza mbwa, na kwa kuona haya anamfungulia pakiti ya biskuti. Waulize mmoja mmoja. Kila mtu atasema alimpa kidogo tu, na ni kweli. Ila ukijumlisha vile vidogo unapata kalori 600 au zaidi, yaani nusu ya siku nyingine juu ya siku. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kimejaa kiunoni mwa Bosco.

Kwa mbwa mdogo hesabu ni mbaya zaidi. Yule mwenye manyoya anayebebwa kwapani, mwenye kilo 5, anahitaji kalori 330 hivi kwa siku nzima. Chapati moja nene ya mafuta inakaribia 300. Ukimpa chapati na bado akala chakula chake, umemlisha karibu siku mbili kwa mara moja.

Basi tuingie ndani ya mwili. Zamani tulidhani mafuta ya mwilini ni ghala tu: yanakaa pale yakingoja njaa. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua homoni iitwayo leptini. Inatengenezwa na mafuta yenyewe, na inapanda hadi kwenye ubongo kutoa habari: tumeshiba, akiba ipo. Tangu hapo tunajua kwamba mafuta ni kiungo kinachosema na mwili mchana na usiku. Kwa mbwa mnene leptini huwa imejaa damuni, lakini ubongo umeshaizoea kelele hiyo na hauitikii. Pamoja nayo mafuta hutoa kemikali za mchochota, zile ambazo mwili hutumia kupambana na kidonda. Hapa hakuna kidonda, na mchochota haupoi.

Halafu kuna insulini. Hii ni homoni ya kongosho, na kazi yake ni kuufungulia mwili mlango ili sukari itoke kwenye damu iingie kwenye misuli. Mbwa akinenepa, misuli na ini huanza kuwa vizito kuisikia. Richard Bergman na kikundi chake huko Los Angeles walichunguza jambo hili miaka mingi kwa kuwalisha mbwa mafuta kupita kiasi. Waliona kwamba mafuta yanayojikusanya tumboni, yakizunguka matumbo, ndiyo yenye madhara makubwa, kwa sababu damu ya huko hupita moja kwa moja kwenye ini kabla ya kufika popote. Waliona pia kwamba asidi za mafuta katika damu ya mbwa hao zilikuwa zikipanda usiku. Mbwa amelala, mchunguzi wa mchana haoni kitu, na ini linamwagiwa mafuta gizani.

Je, kongosho hufanya nini? Linaongeza bidii. Linamwaga insulini mara dufu, nalo ini linapunguza kasi ya kuiondoa hiyo insulini damuni, ili sukari isipande. Na haipandi! Hapo ndipo wenye mbwa wengi hudanganyika. Wanampeleka Bosco kwa daktari, anapimwa sukari, majibu yanarudi mazuri, wanarudi nyumbani wakicheka. Sukari iko sawa, ndiyo, lakini imewekwa sawa kwa nguvu ya kongosho linalofanya kazi ya makongosho mawili. Paka mnene anaweza kushindwa mapema na kuingia kwenye kisukari kinachofanana na kile cha watu wazima wetu. Mbwa huweza kuvumilia miaka mingi bila kufika huko. Kisukari cha mbwa mara nyingi huja kwa njia nyingine, kongosho likishaharibika lenyewe. Hata hivyo, Alexander German na wenzake wa Chuo Kikuu cha Liverpool walipowapima mbwa wanene 35, karibu mmoja kati ya watano alikuwa na mkusanyiko wa kasoro unaofanana na ule ambao madaktari wa binadamu wanauogopa: shinikizo la damu, sukari, na mafuta ya damuni.

Mbwa ana bahati moja ambayo sisi hatuna. Kolesteroli yake nyingi husafirishwa kwenye ile chembe tunayoiita kolesteroli nzuri, kwa hiyo mishipa yake ya moyo haizibiki ovyo kama yetu. Lakini deni hulipwa mahali pengine. Hulipwa magotini na nyongani, hulipwa kwenye pumzi, na hulipwa ghafla pale kongosho linapovimba baada ya mlo wa mafuta mengi, usiku wa sikukuu, wakati madaktari wengi wamefunga.

Na hulipwa kwa miaka. Kampuni ya Purina ya Marekani, ambayo riziki yake ni kuuza chakula cha mbwa, ilichukua Labrador 48, ikawagawa wawili wawili tangu wakiwa wadogo. Katika kila jozi, mmoja alipewa robo pungufu ya alichokula mwenzake. Waliwafuata maisha yao yote. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2002, wale waliokula kidogo walikuwa wameishi miaka 13 kwa wastani, wenzao miaka 11 na ushei. Tofauti yake ni karibu miaka miwili, na hata magonjwa ya uzeeni yaliwachelewa. Wala wale wengine hawakuwa mapipa. Walikuwa wamezidi uzito kiasi tu.

Mtaniuliza: mbona Bosco anaonekana ana njaa kila saa? Hapo Labrador ana udhuru. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge waligundua kwamba karibu Labrador mmoja kati ya wanne amezaliwa na kasoro kwenye jeni iitwayo POMC, inayohusika na kumwambia mnyama kwamba ameshiba. Baadaye ikaonekana kwamba mbwa hao pia huchoma nguvu pungufu kuliko wenzao wakiwa wamepumzika. Kwa hiyo dada wa jikoni, macho yale hayakudanganyi. Njaa ni ya kweli, ila iko kichwani, tumboni haipo. Chapati haiwezi kuitibu.

Na kabla sijasahau, wako wadosi wanaokataza ugali wakidhani ndio uliomnenepesha mbwa, huku wakimwaga vyakula vya pakiti bila kipimo. Ugali umeonewa. Mwaka 2013 Erik Axelsson na wenzake wa Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa mwitu, ana nakala nyingi za jeni ya kusaga wanga. Ameishi na wakulima maelfu ya miaka, akala walichokula. Ugali peke yake haumtoshi mbwa, anahitaji nyama, matumbo au omena pamoja nao, lakini si sumu. Kinachonenepesha ni kiasi, uwe ugali, uwe mchele wa mbwa, uwe mfuko wa bei ghali wenye picha ya mbwa anayetabasamu.

Hapa nataka niseme jambo ambalo watu wa Gatwekera hulisema kwa sauti ya chini. Kuna mama anayechemsha kilo nzima ya nyama ya kusaga kwa ajili ya mbwa wawili, na jioni ananunulia watoto wake wanne matumbo ya shilingi hamsini. Asiambiwe ana wivu. Ameona hesabu tu, na hesabu hiyo inauma. Lakini soja yule anayemkatia mbwa nusu ya andazi, alilinunua kwa pesa yake. Mbwa wa tajiri anakula kutoka mfuko wa maskini! Ukimwuliza kwa nini, atakwambia kwamba katika nyumba ile nzima, mbwa ndiye anayefurahi akimwona. Huo ni ukarimu, na siudharau. Ninachosema ni kwamba ukarimu ule ungemfaa Bosco zaidi kama ungekuwa wa miguu kuliko wa mkono.

Pia tusimcheke Bosco sana, kwa sababu mwili wake na wetu ni ndugu. Mwaka 1889, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho huko Strasbourg, mkojo wake ukawa na sukari, na hapo ndipo dunia ilipojua kisukari kinaanzia wapi. Mwaka 1921 Banting na Best walipata insulini kwa mbwa huko Toronto, na Januari iliyofuata ikachomwa kwa mvulana wa miaka 14. Kila mgonjwa wa kisukari anayechoma sindano leo hapa Kibera ana deni la shukrani kwa mbwa. Na wagonjwa wapo. Utafiti uliofanywa hapa hapa Kibera na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta kisukari kwa watu wazima karibu 5 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta Wakenya 27 katika kila 100 wamezidi uzito, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Viazi vya mafuta mengi, soda, smokie na andazi la kila saa havikubaki Kilimani. Tofauti ni kwamba mimi na wewe tunaweza kukataa sahani. Bosco hafungui kabati, hashiki mwiko. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Na mbwa mnene ameundwa na watu.

Basi tufanyeje? Kwanza mshike. Kunja ngumi yako ya kushoto, upapase vifundo vyake kwa kidole cha mkono wa kulia. Ukipapasa mbavu za mbwa zikawa hivyo, amekonda. Sasa nyoosha mkono, upapase mgongo wa kiganja: mifupa unaisikia chini ya ngozi laini bila kubonyeza. Hivyo ndivyo mbavu zinavyotakiwa ziwe. Geuza mkono, upapase kiganja chenyewe, upande wa ndani. Mbavu zikiwa hivyo, mpaka ubonyeze ndipo uzipate, mbwa amenenepa. Kisha simama juu yake umtazame mgongoni: lazima kiuno kionekane. Kama amenyooka kama mtungi kutoka mabegani hadi mkiani, unayo kazi.

Pili, mpime. Mbwa mdogo mbebe, panda naye kwenye mizani, kisha panda peke yako, utoe. Mkubwa mpeleke kwa daktari wa mifugo, maana lazima pia achunguzwe kama hana ugonjwa wa tezi unaonenepesha hata bila kula sana. Kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Upper Kabete. Asinyimwe chakula ghafla. Apungue asilimia moja hadi mbili ya uzito wake kwa wiki. Kwa Bosco hiyo ni kati ya gramu 380 na 760. Matunda yake huonekana mapema. Mbwa wanene wenye magoti mabovu waliochunguzwa Glasgow walianza kupunguza kuchechemea walipopunguza zaidi kidogo ya asilimia 6 ya uzito. Bosco akitoa kilo mbili na nusu tu, atapanda ngazi bila kulia. Na damu nayo hurejea hali yake: German na wenzake walipowapunguza mbwa uzito, insulini ilishuka na alama za mchochota zikashuka. Mlango uliofungwa na mafuta hufunguka yakiondoka.

Mbwa akishahasiwa, jambo jema ambalo KSPCA ya Karen imelihimiza miaka mingi, mahitaji yake ya chakula hushuka, kwa hiyo apunguziwe karibu robo. Wengi husahau hapo, kisha wakalaumu kisu cha daktari.

Tatu, na hili ndilo kubwa: kipimo kiwe kimoja na mkono uwe mmoja. Kila siku chakula cha mbwa kipimwe asubuhi, kiwekwe kwenye mkebe wake. Anayetaka kumpa kitu, mtoto, bibi, soja au mdosi mwenyewe, akitoe kwenye mkebe huo huo. Mkebe ukiisha, siku imeisha. Tamutamu zisizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chote.

Na nani ashike mkebe? Watu wa Gatwekera ndio wanaojua kipimo kuliko mtu yeyote Nairobi. Sisi tunanunua unga kwa gorogoro, mafuta ya kupikia kwa kupimiwa, sukari na majani ya chai kwa kadogo, na mtu akipunjwa kijiko kimoja anajua kabla hajafika nyumbani. Ustadi huo huo ndio unaotakiwa kule juu, na hakuna anayeuuliza. Mdosi anamlipa daktari ili aambiwe kitu ambacho dada wa jikoni amekiona kwa miezi mitatu: kwamba Bosco haruki tena kwenye gari. Dada hakusema, kwa sababu anayemwambia mwajiri kwamba mbwa wake ni mnene anaweza kuonekana hana adabu. Leo nakupa maneno. Sema, "Mama, naona mbwa anapumua kwa shida akitembea, naomba chakula chake nikipime mimi peke yangu mwezi mmoja, kisha tumpime uzito pamoja." Hapo hujamkosoa mtu. Umeomba kazi.

Nanyi waajiri mnaotusikiliza garini, hili ni lenu. Dawa ya mbwa mnene ni kipimo na mwendo, na vyote viwili vitafanywa na mtu aliyekuja kwa miguu kutoka Kibera au Kawangware. Kumpimia mbwa chakula ni kazi. Kumtembeza nusu saa asubuhi na nusu saa jioni ni kazi. Iandikeni kwenye mkataba, muitengee muda wake, muilipe. Pesa ya biskuti za mwezi mmoja ni mwanzo mzuri wa nyongeza hiyo.